Kristo wa Vilima vya Murang'a

Ukiingia Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo na Wafiadini Wote mjini Murang'a, nchini Kenya, utakuta ukutani picha tano kubwa za maisha ya Bwana wetu: kuzaliwa kwake, ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na kusulibiwa. Yesu ni Mwafrika, na nchi inayomzunguka ni nchi ya Kiafrika. Aliyezichora mwaka 1959 ni Elimo Njau, Mtanzania aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932, akasomea sanaa Makerere, Uganda. Baadaye, mwaka 1965, alianzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa jijini Nairobi.

Wengi wetu tukisikia habari za Yesu mweusi huanza kubishana juu ya rangi. Mmoja husema kwamba Yesu alikuwa Myahudi, na hilo ni kweli. Mwingine humjibu kwamba hata yule wa nywele za dhahabu tuliyemtundika sebuleni si Myahudi, na hilo nalo ni kweli. Lakini ubishi huo unatupitisha kando ya jambo kubwa zaidi, yaani mahali picha hizi zilipo.

Kanisa hili lilijengwa kuwa ukumbusho. Hali ya Hatari ilitangazwa Kenya mwaka 1952, na Wakikuyu wakajikuta katikati ya serikali ya kikoloni na wapiganaji wa Mau Mau. Miongoni mwa Wakristo walikuwamo ndugu wa Uamsho, ule ulioanza Rwanda miaka ya 1930, ukapita Uganda, ukafika Kenya na Tanganyika. Ndugu hao walikataa kula kiapo cha msituni, kilichohusisha damu na nyama ya mbuzi. Walisema wamekwisha kuinywa damu ya Kristo, hawawezi kunywa nyingine. Baadhi yao walikataa pia kushika bunduki za serikali. Wengine waliuawa kwa msimamo huo. Mwaka 1955 Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliweka jiwe la msingi la kanisa la kuwakumbuka.

Sasa irudie picha ya Karamu ya Mwisho ukiyajua hayo. Katika kanisa lingine habari hii yaweza kuwa pambo la ukuta. Hapa inawatazama watu ambao ndugu zao walikufa kwa sababu ya kikombe kile. Gethsemane nayo ni hivyo hivyo. Bwana anakamatwa usiku, akiwa ameuzwa na mtu aliyekula naye. Ni nyumba gani ya vilima vile, mwaka 1959, isiyojua maana ya hatua za watu mlangoni usiku wa manane, au ya jirani kumtaja jirani? Njau hakulazimika kuandika jina la mtu yeyote. Alitosheka kuileta Injili mpaka kwenye vilima vile, na waliokaa mabenchini wakaijua.

Hata hivyo, pana swali ambalo hatuna budi kuliuliza. Ukumbusho huu ulijengwa kwa ajili ya wafu wa upande mmoja. Serikali ya kikoloni ilinyonga Waafrika zaidi ya 1,000 katika miaka ile, na wengine wengi walikufa msituni na katika kambi za kizuizini. Mama ambaye mwanawe alinyongwa angeingia humu na kulia mbele ya ukuta gani? Mtu aweza kusema kwamba picha nzuri katika jengo la namna hii zinasaidia kufunika nusu ya msiba.

Mimi naona kinyume chake, na sababu yangu ni picha ya msalaba. Bwana wetu hakuuawa na wezi. Alihukumiwa kifo na liwali wa dola ya kigeni, katika nchi iliyotawaliwa kwa nguvu, akahesabiwa pamoja na wahalifu. Alipochorwa kuwa mtu mweusi katika nchi ya watu weusi, ikawa vigumu kumzuia mama yule asimwone mwanawe pale juu. Mfiadini aliyekataa kiapo yumo katika picha ile, na aliyenyongwa na serikali anaweza kuonekana humo pia. Jiwe la msingi lilikumbuka baadhi ya wafu. Ukuta uliwafungulia mlango wote. Sijui kama waliomwita mchoraji walikusudia hivyo, ila kazi njema mara nyingi humpita aliyeiagiza.

Tena naona kwamba ilifaa mchoraji awe jirani. Murang'a ndipo Wakikuyu husema Gikuyu na Mumbi walianzia, na kidonda cha vita kilikuwa bado kibichi. Mchoraji wa pale pale angeulizwa kwanza baba yake alisimama upande gani. Njau alitoka nchi nyingine, miongoni mwa Wachaga, hakuwa na maiti wa kudai. Aliijua migomba na miteremko ya mlima, kwa hiyo hakuwa mgeni kabisa. Lakini alikuwa mgeni kiasi cha kutosha kuwapa watu waliogawanyika sura moja ya kutazama. Katika mfano wa Bwana, aliyemfunga majeraha mtu wa njia ya Yeriko alitoka upande wa pili wa mpaka.

Sharika zetu sasa zinajenga na kupaka rangi. Kamati ya ujenzi hununua picha iliyochapwa mbali, kwa kuwa ni rahisi na haimkwazi mtu. Kabla ya kuinunua, wazee wa kanisa na wakae wajiulize: katika mtaa wetu ni wafu gani ambao hatujawahi kuwaombolezea pamoja? Wakishajibu, wamtafute mchoraji, hata kama itabidi kuvuka mpaka kumpata.