Nguzo Inayohesabiwa: Uhakiki wa Tamthiliya ya Nguzo Mama kwa Kurejelea Nafasi ya Mwanamke katika Uongozi wa Umma, Nachingwea na Ruangwa

Ikisiri

Uhakiki huu unachunguza tamthiliya ya Nguzo Mama ya Penina Muhando kwa kuihusisha na historia ya uongozi wa wanawake katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Hoja kuu ni kwamba kuanguka kwa nguzo katika tamthiliya hii hakutokani na mgawanyiko wa wanawake pekee, kama inavyoelezwa mara nyingi, bali kunatokana pia na namna jamii inavyowahesabu wanawake bila kuwatambua. Aidha, inaoneshwa kuwa muktadha wa jamii ya Wamwera, inayohesabu ukoo kwa upande wa mama, unafichua nguvu na pia mipaka ya sitiari ya nguzo.

1.0 Utangulizi

Nguzo Mama ilichapishwa mwaka 1982, ndani ya Muongo wa Wanawake wa Umoja wa Mataifa (1976–1985). Wakati huo Tanzania ilikuwa na miaka 20 ya uzoefu wa Umoja wa Wanawake wa Tanzania (UWT), ulioundwa mwaka 1962 chini ya uenyekiti wa Bibi Titi Mohamed. Ilikuwa pia imepita miaka saba tangu Tabitha Siwale na Julie Manning wawe wanawake wa kwanza kuteuliwa kuwa mawaziri kamili, mwaka 1975. Kwa hiyo, tamthiliya hii haikuandikwa katika kipindi ambacho mwanamke hakuwapo kabisa katika siasa za dola. Iliandikwa alipokwisha kuingia, na swali lililobaki ni la kuwapo kwake huko: ameingia kama nani, na kwa ridhaa ya nani?

Kisa chake ni chepesi kusimulia. Wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha Nguzo Mama. Wanakutana, wanapanga, wanavutana, na kila mmoja anaburutwa na matatizo ya nyumbani kwake. Bi Msimulizi anaunganisha matukio, na Chizi, anayechukuliwa kuwa mwendawazimu, anasema yale ambayo wenye akili timamu wanayanyamazia. Mwishoni nguzo haisimami.

2.0 Usomaji Uliozoeleka na Upungufu Wake

Usomaji uliozoeleka wa tamthiliya hii unaeleza kuwa nguzo haisimami kwa sababu wanawake hawana umoja. Usomaji huu una ushahidi katika matini. Wahusika hawaaminiani, baadhi yao wanaacha kazi ya pamoja ili kushughulikia masilahi yao, na mikutano yao inaishia katika maneno. Kutokana na hilo, dhamira ya kazi hufupishwa kuwa wito kwa wanawake kupendana.

Hata hivyo, usomaji huo unaacha jambo muhimu bila maelezo. Kila mwanamke anayeondoka kwenye nguzo anaondoka kwa sababu inayoweza kutajwa. Mmoja ana mume mlevi. Mwingine ni mjane anayenyang'anywa mali na ndugu wa marehemu mumewe. Kinachoonekana kuwa ukosefu wa umoja ni jumla ya madeni ambayo kila mmoja anadaiwa na nyumba, ukoo na kijiji. Kuwalaumu wanawake hao kwa kutokuwa wamoja ni sawa na kumlaumu mtu aliyefungwa mguu kwa kuchelewa kufika. Muhando hawatetei wahusika wake, lakini pia hawahukumu. Anaweka nguzo na minyororo katika jukwaa moja, kisha anamwachia msomaji kazi ya kuona uhusiano wake.

3.0 Majina ya Namba na Viti vya Namba

Mbinu iliyo dhahiri zaidi katika tamthiliya hii ni ya majina. Wanawake wa Patata wanaitwa kwa namba: Bi Pili, Bi Tatu, Bi Nne na kuendelea. Kwa kawaida mbinu hii huelezwa kuwa njia ya kuwafanya wahusika wawakilishe wanawake wote. Maelezo hayo ni sahihi ila hayajakamilika. Anayepewa namba anaweza kuhesabiwa, na anaweza pia kubadilishwa na mwingine bila hesabu kuharibika.

Miaka mitatu baada ya tamthiliya kuchapishwa, uchaguzi wa mwaka 1985 ulikuja na viti 15 vya wanawake bungeni. Idadi hiyo iliendelea kupanuliwa. Kufikia uchaguzi wa mwaka 2005, Katiba ilitaka viti maalum visipungue asilimia 30 ya wabunge, na baada ya uchaguzi wa mwaka 2020 viti hivyo vilikuwa 113. Katika halmashauri za wilaya, madiwani wa viti maalum huongezwa kwa theluthi moja ya wale wa kata. Katika kijiji, sheria inataka angalau robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji wawe wanawake. Haya ni mafanikio yasiyopaswa kubezwa, kwa kuwa bila hayo vikao vingi vingebaki vya wanaume watupu. Lakini mwakilishi wa kiti maalum hupatikana kupitia orodha ya chama, wala hana jimbo ambalo wapigakura wake wanaweza kumwita au kumwondoa. Yupo kama sehemu ya hesabu, jambo ambalo Muhando aliliweka katika majina ya wahusika wake kabla hesabu hiyo haijaandikwa katika sheria.

Hali ya Nachingwea na Ruangwa inaonesha tofauti hii waziwazi. Tangu mwaka 2005 hadi 2025, jimbo la Nachingwea liliwakilishwa kwa kufuatana na Mathias Chikawe, Hassan Masala na Amandus Chinguile. Jimbo la Ruangwa, tangu mwaka 2010 hadi 2025, liliwakilishwa na Kassim Majaliwa, ambaye kuanzia Novemba 2015 alikuwa pia Waziri Mkuu. Wote ni wanaume. Katika kipindi hichohicho, Nachingwea ilipata mkuu wa wilaya mwanamke, Rukia Muwango, na mwaka 2021 Zainab Telack aliteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Lindi. Mwaka huohuo, tarehe 19 Machi, Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais. Mamlaka ya mwanamke katika wilaya hizi, kwa hiyo, yameshuka kutoka juu kwa njia ya uteuzi kuliko yalivyopanda kutoka chini kwa njia ya kura. Kwamba hali hii si kanuni ya mkoa mzima kunathibitishwa na jimbo jirani la Mchinga, ambako Salma Kikwete alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 2020. Hata hapo, msomaji wa Nguzo Mama atauliza kama mlango huo ungefunguka vivyo hivyo kwa mwanamke asiyejulikana kitaifa.

4.0 Kungwi, Mjomba na Mjane

Patata ni kijiji kisicho na kabila wala ukoo unaotajwa kwa kina. Uamuzi huo wa kisanaa unakifanya kijiji kuwa cha Tanzania nzima, lakini unazua tatizo msomaji anapokihamishia kusini. Wamwera, walio wengi katika Nachingwea na Ruangwa, kwa jadi walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye aliyekuwa na sauti juu yake kuliko baba. Kwa mtazamo wa juujuu, jamii ya namna hii ingetarajiwa kuwa tayari imekwisha kuisimamisha nguzo ambayo Patata imeshindwa kuisimamisha.

Uchunguzi wa karibu hauafiki matarajio hayo. Ukoo kupita kwa mama si sawa na mama kutawala ukoo. Mwanamke alikuwa njia ambayo haki ilipitia, na aliyesimama mbele ya watu kuzungumza kwa niaba ya ukoo alikuwa kaka yake. Mfano wa mjane unalidhihirisha hili. Katika Patata, mjane ananyang'anywa mali na ndugu wa mume. Katika mfumo wa ukoo wa mama, mali ya mwanamume inaweza kuelekea kwa watoto wa dada yake, hivyo anayempokonya mjane anaweza kuwa na mwanamke mwenzake nyuma yake, yaani dada wa marehemu anayewatetea wanawe. Hapa kauli kwamba mwanamke ni adui wa mwanamke hupata mashiko ya uongo. Wanawake hao wawili wamegonganishwa na kanuni ya urithi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeitunga.

Pamoja na hayo, jamii hii ina mamlaka ya kike ambayo tamthiliya haikuyatumia. Katika unyago, kungwi anaongoza, anafundisha, anaamua nani afanye nini na lini, na utii anaopewa na wali pamoja na mama zao ni utii wa kweli. Kungwi mkuu, yaani nyakanga, hapatikani kwa kuhesabiwa. Anapatikana kwa ujuzi na kwa kukubaliwa na wanawake wenzake. Ni kweli kwamba sehemu ya mafundisho ya unyago humwandaa msichana kumtii mume, na wahakiki wa kifeministi wana haki ya kulisema hilo. Lakini kinachohitaji kuzingatiwa hapa ni umbo la uongozi wenyewe. Wanawake wa Patata wanaanza mkutano kama watu wasiowahi kuongozana, ilhali mwanamke wa Ruangwa ameuona uongozi wa kike tangu alipochezwa unyago. Tatizo la Ruangwa, basi, ni tofauti na la Patata: uongozi upo, ila umezungushiwa ua, na ukitoka nje ya ua huo hautambuliwi kuwa sifa ya kugombea udiwani au ubunge.

5.0 Nachingwea kama Kumbukumbu ya Uongozi

Nachingwea inatoa ulinganisho mwingine. Katika miaka ya vita vya ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO ilikuwa na kambi kubwa ya mafunzo wilayani humo. Mwaka 1967 wanawake wa Msumbiji walipata mafunzo ya kijeshi hapo, na Kikosi cha Wanawake kikawa sehemu ya mapambano. Miongoni mwao alikuwa Josina Muthemba, ambaye baadaye alisimamia masuala ya jamii na malezi ya watoto wa vita ndani ya chama. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na umri wa miaka 25, na tarehe hiyo ndiyo Siku ya Wanawake wa Msumbiji.

Wanawake hao waliingia katika uongozi kupitia kazi iliyoonekana. Hakuna aliyewatengea idadi. Hata hivyo, Josina anakumbukwa mara nyingi kwanza kama mke wa Samora Machel, aliyefunga naye ndoa mwaka 1969, ilhali mafunzo yake ya Nachingwea yaliitangulia ndoa hiyo. Vilevile, jumuiya ya wanawake wa Msumbiji, iliyofanya mkutano wake wa kwanza Tunduru mwaka 1973, ilikuwa chini ya chama, kama UWT ilivyokuwa chini ya TANU na baadaye CCM. Jambo hili linaimarisha hoja ya Muhando. Nguzo inaweza kusimama kwa nguvu za wanawake, lakini kiwanja ilichosimikwa kikawa cha mwingine.

6.0 Mipaka ya Sitiari ya Nguzo

Udhaifu wa Nguzo Mama uko palepale penye nguvu yake. Nguzo ni sehemu ya nyumba inayobeba, na paa ndilo linaloonekana kwa mbali. Kumwita mwanamke nguzo ni kumheshimu na papo hapo kumwekea mzigo. Tamthiliya inauliza kwa uchungu kwa nini nguzo haisimami, lakini haiulizi kwa ukali uleule nyumba ni ya nani na ramani yake ilichorwa na nani. Wanaume wa Patata wanasumbua kando ya jukwaa na hawaitwi katikati kujibu. Matokeo yake, msomaji anaweza kufunga kitabu akiwa na hasira kwa wanaojaribu kuinua, na asiwe na hasira kwa wanaotazama.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaonesha namna swali la pili linavyoweza kuulizwa. Sheria hiyo inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake. Hii nayo ni hesabu, lakini ni hesabu iliyowekwa mahali ambapo mali inaamuliwa. Mjane wa Patata hakuwa na baraza la namna hiyo. Mjane wa Nachingwea analo kisheria, na thamani yake itapimwa na uhuru wa wanawake hao watatu kusema mbele ya wajomba zao.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kuwa Nguzo Mama haipaswi kufupishwa kuwa mahubiri ya umoja. Majina yake ya namba yanaihusisha na mfumo wa uwakilishi unaowahesabu wanawake bila kuwapa wapigakura, na hali ya majimbo ya Nachingwea na Ruangwa inathibitisha uzito wa suala hilo. Muktadha wa Wamwera umeonesha kwamba ukoo wa mama hauleti wenyewe utawala wa mama, na kwamba uongozi wa kungwi ni hazina ambayo siasa rasmi haijaitambua. Penye ua wa unyago, mwanamke anaitwa kwa jina na cheo chake. Iwapo nguzo ya Patata itasimama Ruangwa, itasimama siku ambayo jina hilohilo litaandikwa katika karatasi ya kura ya kata.