Kiambishi Kinachohama

Wakulima wa kabichi wa kata ya Nyandira, Tanzania, hawakuhama, wilaya ndiyo iliyowahama. Tarafa yao ya Mgeta ilikuwa Morogoro Vijijini, na Wilaya ya Mvomero ilipoundwa mwaka 2002, milima ikabaki palepale huku anwani ikibadilika. Mstari mmoja wa bahasha ulifutwa, mwingine ukaandikwa.

Sasa tuseme unatengeneza tovuti ya bei za mazao, na ukurasa wa soko unaitwa /morogoro-vijijini/nyandira/bei. Vipande viwili vya mwanzo ni kiambishi awali, na ni badilifu: programu haivijui mpaka ombi lifike. Leo ni Nyandira, kesho Langali au Bunduki. Ruta ya fremuweki yoyote hulinasa jambo hili bila shida. Shida huanza baada ya hapo.

Njia ambayo wengi wetu huanza nayo ni kuipa kila fanksheni vigezo vya wilaya na kata. Fanksheni ya bei inavipokea, ya mvua inavipokea, hata ile inayoonyesha tu namna ya kufungasha karoti inavipokea na kuvitupa. Kisha zinakuja kurasa zenye viungo. Kila kiungo lazima kitaje tena wilaya na kata, na ukisahau kimoja kati ya mia moja, ni mtumiaji atakayekigundua kabla yako.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tulipaswa kulishtukia mapema. Mluguru, Waluguru, lugha yao Kiluguru, milima yao Uluguru: mzizi hauna habari na kilichobandikwa mbele yake. Kuna mahali pamoja pa kukivua kiambishi na mahali pamoja pa kukivisha, na katikati mzizi unaendelea na kazi yake.

Flask, fremuweki ya Python, ililifanya jambo hilo kwa ndoano mbili zilizokuja na toleo la 0.7, mwaka 2011. Ya kwanza, url_value_preprocessor, hufanya kazi mara ruta inapopata njia, kabla fanksheni haijaitwa. Hapo unaziondoa wilaya na kata kwenye vigezo, unazihakiki kwenye hifadhidata, unaziweka kwenye ghala dogo linaloishi muda wa ombi hilo tu. Kata isipokuwepo, unarudisha 404 papo hapo. Ya pili, url_defaults, hukaa upande wa kutengeneza viungo: kila anwani inapojengwa, inarudishiwa wilaya na kata zilizovuliwa. Fanksheni ya bei inabaki haina kigezo hata kimoja. Uzuri wa mpango huu uko kwenye ujozi wake. Nimeona programu zenye ndoano ya kuvua bila ya kuvisha, na zote ziliishia na viungo vilivyoandikwa kwa mkono.

Uhakiki huo una faida nyingine pia. Kata ya Tchenzema wengine huiandika Chenzema. Ndoano moja inaweza kuyapokea maandishi yote mawili, ikamwelekeza msomaji kwenye moja, bila ukurasa wowote kujua kwamba kulikuwa na utata.

Utata mkubwa zaidi uko kwenye ruta yenyewe. Mtu akisema “nataka mkate”, anaomba chakula au anawaambia wenzake wakate kitu? Kiambishi badilifu kina njaa ya namna hiyo: /kuhusu/mawasiliano ina vipande viwili kama kiambishi chetu, kwa hiyo ruta inaweza kuamini kwamba kuna wilaya inayoitwa Kuhusu. Django, fremuweki nyingine ya Python, husoma orodha yake ya njia kutoka juu kwenda chini na kushika njia ya kwanza inayolingana, hivyo njia zisizobadilika lazima zitangulie. Flask hupanga yenyewe na kuzipa kipaumbele zenye maneno kamili. Mimi bado huziandika juu, kwani atakayesoma baada yangu ni mtu.

Kuna kiambishi kingine ambacho hakimo kwenye programu kabisa. Mwenye seva anaamua tovuti nzima ikae chini ya /masoko. Kanuni ya WSGI, inayounganisha seva na programu za Python na iliyorithi mpango huu kutoka CGI, huigawa njia mara mbili: SCRIPT_NAME ni pale programu ilipopachikwa, PATH_INFO ni kilichobaki kwa ajili ya ruta. Proksi ikiikata /masoko bila kuitaarifu programu, ukurasa wa kwanza hufunguka vizuri na viungo vyake vyote huelekea porini. Nimepoteza usiku mzima kwa kosa hili, kwa sababu kwenye kompyuta yangu hapakuwa na proksi na kila kitu kilikuwa sawa.

Turudi Mvomero. Halmashauri yake iko mvomerodc.go.tz, ambapo dc ni alama ya halmashauri ya wilaya. Manispaa hupewa mc, majiji cc. Yaani cheo kimo ndani ya anwani, na cheo hupanda: Dodoma ilitangazwa jiji Aprili 2018, nayo leo iko dodomacc.go.tz. Ndiyo maana kwenye hifadhidata kata hupewa namba isiyosema lolote, na majina ya wilaya hukaa kwenye jedwali la pembeni lenye safu ya “tangu” na ya “hadi”. Ndoano ya kuvua hutazama jedwali hilo: ikikuta morogoro-vijijini kwa Nyandira, inaelewa, kisha inaelekeza kwenye /mvomero/nyandira/bei.

Kwa msimbo gani? Kitabu kitakwambia 301, kuhama kwa kudumu. Vivinjari huikumbuka 301 kwa muda mrefu, na ukiwa umekosea huwezi kuwaendea wasomaji mmoja mmoja kuwafutia kumbukumbu. Ningeanza na 302, kuhama kwa muda, kwa mwezi mmoja, nikisoma kumbukumbu za seva kuona ni nani bado anaingia kwa jina la zamani.