Speke Alivyolipima Ziwa kwa Maji ya Moto

Asubuhi ya tarehe 3 Agosti 1858, kiangazi kikiwa kimekolea, msafara wa mvumbuzi Mwingereza John Hanning Speke uliondoka mahali alipopaandika Isamiro, ukaanza kupanda kilima kirefu chenye mwinuko wa taratibu. Mkazi wa Mwanza aliyezoea kupandisha majabali ya Bugando kila siku asingeihesabu kuwa safari. Walipofika juu, Nyanza, yaani Ziwa Victoria la leo, ikajitandaza mbele yao. Speke aliandika kwamba kilima hicho hakikuwa na jina la wenyeji, akakiita Somerset. Huenda hakuuliza vya kutosha.

Aliyekuwa akitazama mwenyewe alikuwa mgonjwa wa macho. Alivaa miwani ya kijivu kupunguza mwanga, na njiani watu waliinama kuchungulia chini ya kofia yake ili wamwone huyo mgeni mwenye macho maradufu. Richard Burton, mkuu wa msafara mzima, alibaki Kazeh, Tabora ya leo. Sidi Mubarak Bombay ndiye aliyekuwa mkalimani.

Sehemu ya kuvutia zaidi ni hesabu ya kimo. Kadiri mtu anavyopanda, hewa inapungua uzito na maji yanachemka kwa joto dogo zaidi: nyuzi 100 za Selsiasi pwani, na karibu nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Ufukweni Mwanza maji huchemka kwenye nyuzi 96 na kitu. Speke alichemsha maji, akasoma kipimajoto, akapata futi 3,700 na ushei. Vipimo vya sasa vinaliweka ziwa kwenye mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, sawa na futi 3,720.

Shabaha hiyo isimpe sifa kupita kiasi. Miezi michache nyuma, njia ileile ilitumika Tanganyika, tena kwa kipimajoto cha maji ya kuoga, kwa kuwa vifaa bora vilikuwa vimeharibika. Jibu likawa futi 1,800 na ushei, ilhali ziwa hilo liko kwenye futi 2,500 hivi. Kosa la zaidi ya mita 200! Nusu nyuzi tu ikisomwa vibaya, mita 150 zimepotea. Mwanza, bahati ilisaidia sana.

Pamoja na hayo, kimo ndicho kilichompa hoja kwamba hapo ndipo chanzo cha Nile: ziwa lililo juu kiasi hicho lina nafasi ya kumwaga maji hadi Misri. Tatizo lilikuwa ukubwa. Mtu aliyesimama mita 100 juu ya maji anaona kilomita 36 hivi, basi. Ziwa lina zaidi ya kilomita 300 kutoka kusini hadi kaskazini, na mbele ya Mwanza visiwa na rasi vinaziba sehemu kubwa ya upeo. Speke akategemea kuuliza. Kwa Sultani Mahaya, mtawala wa Mwanza, aliletewa mtu aliyesifiwa kwa kutembea sana; huyo akaelekea kaskazini, akaalisha vidole mara kadhaa, akasema pengine maji yanafika mwisho wa dunia.

Burton hakushawishika, na kwa ushahidi uliokuwepo alikuwa na haki. Ilibidi Henry Morton Stanley aondoke Kageye, jirani na Mwanza, Machi 1875 kwa mashua yake Lady Alice, alizunguke ziwa lote na kurudi mwanzoni mwa Mei, ndipo ikathibitika kwamba ni ziwa moja.