Aya Iliyokatwa Pande Mbili: Kengele ya Uhuru na Yubile ya Walawi

Alama nyingi ambazo dunia inazijua kuwa ni za Kimarekani zina asili isiyolingana na sifa zake. Sanamu ya Uhuru iliyo bandarini New York ilitengenezwa Ufaransa na mchongaji Auguste Bartholdi, ambaye miaka kadhaa kabla ya hapo alikuwa amempelekea mtawala wa Misri michoro ya mnara wa taa wenye umbo la mwanamke, usimame kwenye Mfereji wa Suez. Baba Krismasi mnene mwenye ndevu nyeupe, tunayemwona kila Desemba madukani Dar es Salaam amezungukwa na pamba ya kuigiza theluji katika joto lile, alipata sehemu kubwa ya sura yake kwa kalamu ya Thomas Nast, mchoraji wa magazeti aliyezaliwa Ujerumani. Maneno ya kumtumaini Mungu kwenye fedha zao yalianza kuonekana mwaka 1864 kwenye sarafu ya senti mbili, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, baada ya mchungaji mmoja kumwandikia waziri wa fedha.

Hayo yote yanafurahisha kuyajua. Lakini iko alama moja inayomhusu mhubiri kuliko hizo nyingine, kwa sababu imebeba aya ya Biblia mwilini mwake, tena aya ngumu. Ni Kengele ya Uhuru ya Philadelphia. Nataka tuisome kama tunavyosoma mahubiri ya mtu: kwa kuangalia amechukua nini katika Maandiko, na ameacha nini.

Mwaka 1751 baraza la koloni la Pennsylvania, chini ya Spika wake Isaac Norris, liliagiza kengele kutoka London kwa ajili ya mnara wa jumba lao. Ilifika mwaka uliofuata, na walipoigonga kuijaribu ikapasuka. Mafundi wawili wa mjini, John Pass na John Stow, waliiyeyusha na kuisubu upya mwaka 1753. Mlio wake haukupendwa, wakaisubu tena. Hiyo ndiyo iliyopo leo, yenye uzito wa karibu kilo 940, na ufa wake mwingine maarufu. Ufa huo ulizidi mwaka 1846 ilipopigwa kuadhimisha siku ya kuzaliwa kwa George Washington, na tangu hapo haijalia tena kama kengele.

Watu wengi wameaminishwa kwamba kengele hii ililia tarehe 4 Julai 1776 kutangaza uhuru. Habari hiyo ilitungwa na mwandishi wa hadithi, George Lippard, mwaka 1847: mzee mpiga kengele anasubiri mnarani, na mtoto anamletea habari kutoka chini. Ni hadithi tamu, ikaingia katika vitabu vya shule, ikawa historia. Sina ugomvi mkubwa nayo. Kila taifa lina mzee wake wa mnarani. Ninachosikitikia ni kwamba hadithi hii ilifunika nyingine iliyo ya kweli na iliyo bora zaidi, yaani jinsi kengele ilivyopata jina.

Kwa miaka zaidi ya 80 haikuitwa Kengele ya Uhuru. Ilikuwa kengele ya jumba la serikali tu. Jina hilo lilitoka kwa watu waliopinga utumwa. Mwaka 1835 gazeti lao la New York liliitaja kwa jina hilo na kuonyesha aibu iliyokuwamo: chuma kinatangaza uhuru kwa wakaaji wote wa nchi, na chini yake wapo watu wanaouzwa. Miaka michache baadaye picha yake ilianza kupamba machapisho yao. Ndiyo kusema Wamarekani waliachiwa alama hii na wale waliokuwa wakiwashutumu Wamarekani. Taifa lililipokea jina, likaiacha shutuma.

Sasa tuiangalie aya yenyewe. Ni Mambo ya Walawi 25:10. Kwa Kiebrania aya hiyo ina vipande vitatu. Kwanza, amri ya kuutakasa mwaka wa hamsini. Pili, amri ya kupiga mbiu ya uhuru, *deror*, nchini kote kwa wote wakaao humo. Tatu, maelezo ya uhuru huo ni kitu gani: kila mtu arudi kwenye milki yake, na kila mtu arudi kwa jamaa yake. Norris alichukua kipande cha pili peke yake. Kengele haina mwaka mtakatifu, na haina kurudi. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba aya ilichaguliwa kwa sababu mwaka 1751 ulitimiza miaka 50 tangu William Penn atoe hati ya haki za wakaaji wa koloni lake, iliyowahakikishia uhuru wa kuabudu. Kama ndivyo, basi hata kipande cha kwanza kilikuwa kichwani mwao. Cha tatu ndicho kisichoonekana popote.

Katika Walawi, uhuru bila kurudi hauna maana. Mtu hawi huru kwa sababu mbiu imepigwa. Anakuwa huru kwa sababu shamba lililokwenda kwa deni limerudi, na mtoto aliyekwenda kwa bwana mwingine ameonekana tena mlangoni kwa mama yake. Pembe ya kondoo dume, *yobel*, ambayo ndiyo imetupa neno yubile, ilikuwa ishara ya kuanza kazi hiyo, na kazi hiyo ilikuwa na gharama kwa mtu aliyekuwa ameshika shamba.

Nchi ya Pennsylvania ilikuwa na jambo la ardhi lenye umri wa miaka 14 tu wakati aya hii ilipochaguliwa. Mwaka 1737 wana wa William Penn walitoa hati ya zamani wakidai kwamba watu wa Lenape, wenyeji wa nchi ile, waliwahi kukubali kuuza ardhi ya umbali ambao mtu anaweza kuutembea kwa siku moja na nusu. Walenape walifikiria mwendo wa kawaida wa mtu anayepumzika na kula. Wenzao waliajiri vijana watatu wenye mbio, wakafyekewa njia kabla. Mmoja wao, Edward Marshall, alikwenda kilomita karibu 100. Kwa mwendo ule Walenape walipoteza zaidi ya ekari milioni moja. Wajumbe wengi wa baraza walikuwa Wakweka, na haki yao nisiwanyime: Wakweka hao waligombana na wana wa Penn kwa mengi, na mwaka 1756 kiongozi wa Walenape, Teedyuscung, aliposimama mbele ya gavana kulalamikia ulaghai ule, walimsaidia. Lakini ardhi haikurudi. Aya nzima isingeweza kuandikwa kwenye kengele ile bila kumfanya kila aliyeisoma aulize milki ni ya nani.

Na jamaa? Kizuizi cha pili kilikuwa ni hicho. Utumwa ulikuwa halali Pennsylvania. Sheria ya kuuondoa ilipitishwa mwaka 1780, tena kwa kusuasua: watoto waliozaliwa na mama mtumwa baada ya sheria ile waliweza kutumikishwa hadi umri wa miaka 28. Sheria hiyo pia ilimruhusu mtumwa aliyeletwa na mgeni na kukaa miezi sita mfululizo kudai uhuru wake. George Washington, alipokuwa Rais na kukaa Philadelphia mtaa mmoja tu kutoka kwenye kengele, alikuwa akiwahamisha watumwa wake nje ya jimbo kabla miezi sita haijatimia, kisha kuwarudisha. Mmoja wao, Oney Judge, alitoroka mwaka 1796, akapanda meli hadi New Hampshire. Alitafutwa, hakurudishwa. Uzeeni aliwaeleza waandishi wa magazeti kwamba huko alijifunza kusoma na akampata Kristo, na kwamba hajutii kuiacha nyumba ya Rais hata kwa shida zote alizopata.

Hapa msomaji makini ataniuliza swali ambalo wanafunzi wangu chuoni huniuliza kila mwaka: je, kukata aya ni kosa siku zote? Hapana. Bwana wetu mwenyewe alikata. Katika Luka 4, ndani ya sinagogi la Nazareti, alisoma Isaya 61, sura inayotumia neno lilelile *deror*, akasimama katikati ya sentensi, kabla tu ya maneno kuhusu siku ya kisasi. Akakifunga chuo, akaketi. Kwa hiyo siwezi kumhukumu Norris kwa sababu ya kukata tu. Namwuliza alichokiacha kilikuwa mzigo wa nani. Yesu aliacha kisasi, yaani kile ambacho wasikilizaji wake walikitamani juu ya adui zao. Kengele iliacha kile ambacho wenye kengele walipaswa kukitoa.

Tena Walawi 25 haituachi salama upande wowote. Mbele kidogo, aya ya 44 hadi 46, sura hiyohiyo inaruhusu Waisraeli kununua watumwa kutoka mataifa ya jirani na kuwarithisha watoto wao. Wahubiri wa majimbo ya kusini waliokuwa wakitetea utumwa walizijua aya hizo vizuri na walizitumia. Kwa hiyo katika Marekani ya karne ya 19 sura moja ilikuwa mikononi mwa pande mbili: mmoja ameshika aya ya 10, mwingine aya ya 44. Kusema tu kwamba "Biblia inasema" hakukumsaidia mtu.

Luther anatusaidia, ingawa si kwa namna ambayo wengi wetu tungetegemea. Katika mahubiri yake ya mwaka 1525 kuhusu jinsi Mkristo anavyopaswa kumsoma Musa, alisema sheria ya Musa walipewa Wayahudi kama vile Wasaksoni walivyokuwa na kitabu chao cha sheria, na haimfungi mtu wa mataifa. Anayetegemea aya ya 44 kumfunga mwenzake amekwisha kupoteza msingi. Lakini katika mahubiri hayohayo Luther anaisifu yubile. Anaona kwamba sheria ya ardhi kurudi kwa mwenyewe ni sheria njema ambayo watawala wangefanya vizuri kuiiga, kwa hiari, kwa sababu inailinda familia isimezwe. Kinachompeleka mtu kwenye yubile ni upendo kwa jirani. Sheria haimlazimishi.

Walutheri wa Marekani hawakumsikiliza Luther wote sawasawa. Sinodi nyingi zilinyamaza, na kusini walikuwamo Walutheri wenye watumwa. Walakini mwaka 1837 sinodi ndogo ilianzishwa New York, Sinodi ya Franckean, ikakataa ushirika na wenye watumwa. Mwaka 1839 sinodi hiyo ilimbariki kuwa mchungaji Daniel Payne, kijana Mweusi kutoka Charleston aliyesoma seminari ya Kilutheri ya Gettysburg, ambaye baadaye alikuwa askofu mashuhuri katika kanisa la Kimethodisti la Waafrika. Mbele ya sinodi hiyo alieleza jinsi utumwa unavyomharibu mtu na kumzuia asimwamini Mungu anayehubiriwa na bwana wake. Naona ajabu kwamba jina lake halitajwi sana katika vyuo vyetu, wakati tunakariri majina ya wanateolojia wengine wa Kilutheri ambao hawakuwahi kulipa chochote kwa imani yao.

Neno yubile tunalipenda. KKKT iliyoundwa mwaka 1963 ilifanya yubile yake ya miaka 50 mwaka 2013, na hakuna dayosisi wala usharika ambao haujawahi kushona vitenge vya yubile, kupika pilau na kualika wageni. Sisemi vitenge ni dhambi. Nasema kwamba sisi nasi tumekuwa na desturi ya kuchukua kipande cha kwanza cha aya, kile cha mwaka wa hamsini, na kuishia hapo. Mara moja katika kizazi hiki nimeiona aya ikisogezwa hadi mwisho: ni pale kampeni ya Jubilee 2000, iliyojengwa juu ya sura hii, ilipozidai nchi tajiri zifute madeni ya nchi maskini. Tanzania ilipata msamaha wa sehemu ya deni lake mwaka 2001, na ada ya shule ya msingi ikaondolewa kipindi hichohicho. Hapo yubile ilionekana darasani.

Huko Pennsylvania wapo pia walioirudia kengele kwa akili. Mwaka 1915 wanawake waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura walisubu nakala yake, wakaufunga ulimi wake kwa mnyororo na kuizungusha wilaya zote za jimbo juu ya gari. Kengele isiyolia ilipita vijijini, watu wakatoka kuitazama. Iliachwa ilie mwaka 1920, kura ilipopatikana.

Kengele ya awali sasa imo katika jengo la vioo lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla halijafunguliwa, wanahistoria na wakazi Weusi wa Philadelphia walionyesha kwamba linajengwa palepale ilipokuwa nyumba ya Washington, na kwamba mgeni akielekea mlangoni anapita juu ya mahali walipolala baadhi ya watumwa wake. Wakabishana miaka kadhaa. Mwaka 2010 misingi ya nyumba ile iliwekwa wazi, pamoja na majina ya watu tisa waliotumikishwa humo, Oney Judge akiwamo, na mgeni huyapita majina hayo kabla hajafika kwenye aya.