Shubiri ya Mwisho ya Mshipi

Mto Luama huanzia katika milima iliyo magharibi ya Ziwa Tanganyika, hupita katika teritwari ya Kabambare, kisha huingia Lualaba kusini ya Kasongo. Humo majini kila samaki ana mdomo wake. Kambare ana mdomo mpana, sharubu nane, na vijino vidogo vilivyosongamana vinavyokwaruza kama tupa. Hula gizani, kwa kupapasa na kunusa. Domodomo ana pua ndefu inayoishia kwenye kinywa kidogo sana, cha kuokotea mabuu ya wadudu topeni. Tilapia huonja kwanza, hutema, huonja tena. Na kule Lualaba yupo mbenga, anayeweza kufikia kilo 50, ambaye meno yake huonekana hata akifumba mdomo.

Hakuna mshipi mmoja unaowafaa wote hao. Hata hivyo mvuvi hahitaji kubeba mishipi minne. Mshipi mkuu, chelezo na chubwi vinaweza kubaki vilevile asubuhi hadi jioni. Kinachobadilishwa ni kipande kifupi cha mwisho, shubiri moja au mbili za uzi, chenye ndoano upande huu na kitanzi upande ule. Ujuzi wote wa mvuvi kuhusu samaki wake hukusanyika hapo. Anayekifunga kipande hicho kwa mikono yake mwenyewe anafanya kazi ya ufundi iliyo kamili, ingawa hutoshea kwenye kiganja, na ni ufundi ambao watu wachache sana wameusifu.

Kipande hicho kina kazi ya kwanza inayoshangaza: kukatika. Mtoni kuna visiki, mizizi na mawe, na ndoano ikinasa chini ya gogo lazima kitu fulani kikubali kushindwa. Mvuvi aliyefunga ndoano moja kwa moja kwenye mshipi mkuu hajui utakatikia wapi. Anaweza kupoteza chelezo, chubwi na dhiraa nyingi za uzi. Aliyeweka kipande chembamba mwishoni ameshaamua mapema mahali pa kukatikia. Hesabu yake ni rahisi. Nguvu ya nailoni hufuata unene wa mkato wake, kwa hiyo uzi wa milimita 0.20 una chini ya nusu ya nguvu ya uzi wa milimita 0.30 wa aina ileile. Mshipi ukiwa wa 0.30 na kipande cha 0.20, kisiki hupewa ndoano moja na shubiri moja ya uzi. Baada ya dakika moja kitanzi kipya kimeingizwa na chambo kimerudi majini.

Kazi ya pili ni kujificha. Uzi mwembamba hulegea vizuri zaidi, chambo huelea yanavyotaka maji, na tilapia anayeonja hakuti kitu kigumu cha kumshtua. Urefu nao una maana yake. Kipande kirefu hukiacha chambo kishuke polepole, na samaki ana nafasi ya kukimeza kabla uzito wa chubwi haujamgusa. Kipande kifupi hupeleka habari mkononi upesi, lakini samaki mwoga naye huupata uzito huo upesi.

Watu wa Kongo ya Mashariki wamekuwa wakitengeneza zana za kuvulia kwa muda mrefu kuliko kawaida ya historia kuhesabu. Huko Katanda, kando ya mto Semliki, Alison Brooks na John Yellen walifukua ncha za mifupa zilizochongwa meno ya pembeni, pamoja na mabaki ya kambare wakubwa; mwaka 1995 walitangaza kwamba zana hizo zina umri wa karibu miaka 90,000. Ishango, pale Semliki inapotoka katika Ziwa Edward, Jean de Heinzelin alipata vyusa vya mifupa katika miaka ya 1950. Na juu zaidi katika Lualaba ileile inayopita karibu na Kasongo, kwenye Ziwa Kisale, kuna makaburi ya Sanga, ambayo wataalamu walianza kuyachimba mwaka 1957. Watu waliozikwa pale kati ya karne ya 8 na ya 13 waliwekewa vyungu, mapambo ya shaba, na pia zana za uvuvi, zikiwemo ndoano za chuma.

Chuma kimebaki, uzi umeoza. Ndivyo ilivyo kwa ufundi huu popote duniani: jumba la makumbusho huonyesha ndoano peke yake, na mgeni hupita akidhani ameona chombo kizima. Lakini kila ndoano ya Sanga iliwahi kufungwa na mtu. Alisokota nyuzi, akazizungusha kwenye shina, akakaza, akajaribu kwa kuvuta. Mkono huo haukuacha alama yoyote udongoni. Tunaweza tu kuukisia kwa kutazama kazi za nyuzi ambazo bado zipo, kama nyavu za kuwindia za Wambuti wa Ituri, zinazotengenezwa kwa nyuzi za mmea utambaao uitwao kusa, zinazosokotwa kwa kiganja juu ya paja. Nailoni ilikuja baadaye sana. Wallace Carothers aliitengeneza katika maabara ya DuPont nchini Marekani mwaka 1935, na kabla ya hapo kila mvuvi wa dunia alitegemea mmea, mnyama au funza wa hariri.

Waingereza walitegemea farasi. Kitabu chao cha kale cha uvuvi wa ndoano kilichopigwa chapa mwaka 1496, ambacho kwa kawaida huhusishwa na jina la Juliana Berners, kinafundisha kusokota nywele za mkia wa farasi, kuzitia rangi kulingana na maji, na kutengeneza ndoano kwa sindano za kushonea. Sehemu nzuri kuliko zote ni ile ya kupima: unywele mmoja kwa samaki mdogo kabisa, idadi ikipanda samaki hadi samaki, mpaka nywele 15 kwa samoni. Mtu aliyeandika hivyo angeelewana mara moja na mvuvi wa Luama. Wote wawili huanza na swali moja, yaani mdomo gani unatafutwa leo, na jibu hulitoa kwa unene wa uzi.

Sasa fundo lenyewe, kwa kuwa hapa ndipo kazi ilipo. Fundo la kawaida la mzunguko mmoja, lile ambalo kila mtoto hulijua, huipunguzia nailoni karibu nusu ya nguvu yake kwa sababu uzi hujikata wenyewe. Wafungaji wa ndoano kwa hiyo huzungusha. Uzi hulazwa sambamba na shina, kisha sehemu moja huzungushwa juu yake mara saba au nane, kila mzunguko ukigusana na mwenzake bila kumpanda. Mzigo hugawanyika kwenye mizunguko yote, wala hakuna pahali pamoja panapobeba kila kitu. Njia hii hufaa hata ndoano zisizo na tundu. Ndoano nyingi za kale zilikuwa na shina lililopondwa mwishoni likawa bapa, na hata leo ndoano za namna hiyo zinatengenezwa. Bapa huzuia mizunguko isichomoke, basi.

Kabla ya kukaza, uzi hulowanishwa kwa mate. Nailoni kavu ikikazwa kwa haraka hupata joto la msuguano, na joto hilo huidhoofisha palepale kwenye fundo. Ikigeuka nyeupe au ikijikunja mwishoni, imekwisha kuumia na inafaa kutupwa. Wapo wanaoona uchungu kutupa shubiri ya uzi. Uchungu huo ni wa bei ndogo sana ukilinganishwa na kambare anayeondoka na ndoano mdomoni.

Kuna jambo jingine ambalo jicho la haraka hulipita. Uzi unapotoka kwenye ndoano unapaswa kutokea upande unaotazamana na ncha. Ukitokea upande huo, kila mvuto huinamisha shina na kuigeuza ncha iingie nyamani. Ukitokea mgongoni, ncha hufunguka nje na ndoano huteleza mdomoni bila kushika. Samaki wengi wanaosemwa kuwa wajanja wameokolewa na kosa hili tu. Mfungaji mzuri huinua kila ndoano aliyomaliza, huitundika kwenye msumari, huvuta polepole, na hutazama inavyoinama.

Upande wa pili hupewa kitanzi: uzi hukunjwa mara mbili, hufungwa fundo la namba nane, hulowanishwa, hukazwa. Kitanzi hiki hupitishwa ndani ya kitanzi cha mshipi, na ndoano nzima hupitishwa ndani ya kitanzi cha kipande chake, vikabanana. Vipande vilivyokamilika huhifadhiwa kwa kuviringishwa kwenye kijiti cha mwanzi kilichokatwa pengo pande mbili, au kuchomekwa kwenye kipande cha kandambili kuukuu, kila ukubwa na safu yake.

Kuhusu ukubwa, mnunuzi asidanganyike na namba. Namba ya ndoano ikiwa kubwa, ndoano ni ndogo: namba 14 humfaa domodomo, namba 6 ni kubwa kuliko hiyo, na baada ya namba 1 hesabu hugeuka na kuandikwa 1/0, 2/0 na kuendelea, zikizidi kukua. Ndoano zenyewe hutoka mbali. Mustad, kampuni iliyoanzishwa Gjøvik, Norwe, mwaka 1832, ilipata mashine ya kutengeneza ndoano mwaka 1877, na tangu wakati huo chuma hiki kidogo kimefika kila ufukwe. Kwenye Ziwa Victoria, kamba ndefu ya migonzo hubeba ndoano kwa mamia, kila moja ikining'inia kwa uzi wake mfupi uliofungwa na kidole cha mtu. Mashine imekamilisha chuma, ikaliacha fundo kwa mvuvi.

Zipo bidhaa za kiwandani zilizofungwa tayari, safi, zote sawa. Zimefungwa kwa ajili ya samaki wa mbali, kwa urefu uliopimwa mbali. Mvuvi wa Kabambare aliyezipata amepata bahati, ila ndoano zake hazijui kwamba kambare wa Luama husaga uzi kwa vijino vyake dakika nzima, na kwamba kipande cha juu ya ndoano kinahitaji unene ambao mvuvi wa London angeuona wa ajabu. Tena barabara za Maniema ya kusini, iliko Kabambare, zina historia yake. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003 treni ya kwenda Kindu ilisimama, na bidhaa zilisafiri kwa baiskeli na kwa vichwa vya watu. Katika hali kama hiyo, anayejua kununua tu hubaki mkono mtupu siku duka linapokosa. Anayejua kufunga huhitaji ndoano chache, ambazo anaweza kuzifungua na kuzifunga upya, na uzi wowote ulio mzima.

Baiskeli yenyewe huchangia. Kebo ya breki imesokotwa kwa nyuzi nyembamba za chuma, na mbili au tatu kati yake, zikitenganishwa na kusokotwa tena kwa shubiri moja, hutoa kipande ambacho meno ya mbenga hayakiwezi. Fundo halishiki chuma kama linavyoshika nailoni. Waya hupitishwa tunduni, hukunjwa, na mkia wake huzungushwa juu ya shingo yake mwenyewe mara nyingi, mizunguko ikibanana. Ufundi ni uleule wa kuzungusha, ila umebadilishiwa malighafi.

Ufundi huu una heshima nyingine, na haifai kuinong'oneza. Utupa ukipondwa na kutiwa kijitoni humlevya kila samaki, mzazi na kinda. Chandarua cha mbu kikiburutwa kwenye kina kifupi huzoa hata wale wa jana. Ndoano huchagua. Ukubwa wake humwacha mdogo asiyeweza kuimeza, chambo chake humwita huyu na kumwacha yule, na uchaguzi huo hufanywa na mfungaji akiwa nyumbani, kabla hajafika mtoni. David Livingstone, alipokaa Nyangwe mwaka 1871, aliandika habari za soko la wanawake kando ya Lualaba, na samaki walikuwa miongoni mwa bidhaa zao. Wajukuu wa wajukuu wa akina mama wale bado wanauza samaki katika Maniema hii. Kila kijito kinachotiwa utupa huwanyima mtaji wao wa mwaka unaofuata.

Majira nayo hutoa maagizo yake. Kiangazi kinapokaa, kuanzia Juni hadi Agosti hivi, Luama hupungua na maji hutakata. Ndipo inapopasa kufunga vipande virefu vya shubiri mbili hadi tatu, uzi wa 0.18 au 0.20, ndoano ndogo, mnyoo mmoja au donge la unga wa muhogo. Mahali ambapo wachimbaji huosha mchanga wa dhahabu, maji hayatakati hata kiangazi, na uzi mwembamba hauna faida pale. Mvua za kwanza zikishuka, mto hugeuka rangi ya udongo na kambare hupanda kwenye majani yaliyofurika kwenda kutaga. Hapo kijiti cha mwanzi hupakuliwa na kupakiwa upya: vipande vya shubiri moja, uzi wa 0.40 au mnene zaidi, ndoano ya 1/0, mizunguko kumi badala ya saba, na minyoo mingi ya kutosha kuficha shina lote.