Tusome Kwanza Ukurasa wa Kazi



Kila muhula mpya unapokaribia, vyuo vya miji yetu mitatu, yaani Louisville, Columbus na Buffalo, hutoa matangazo yao. Upande mmoja kuna sanaa: maonyesho ya picha, michezo ya kuigiza, filamu, muziki na mihadhara ya waandishi. Upande wa pili kuna kazi: nafasi zilizo wazi, kuanzia mlinzi wa chumba cha picha hadi yule anayepanga ratiba ya msimu mzima. Wengi wetu husoma upande wa kwanza, tukatafuta kama kuna jina la Kiafrika, na tusipoliona tukalalamika. Upande wa pili tunaupita, au tunamwachia jirani anayetafuta kazi ya usafi wa usiku.

Hoja yetu katika makala hii ni kwamba tunasoma kinyume. Mtu anayetaka kujua kama Kiswahili na wenyewe watapata nafasi jukwaani mwaka kesho asihangaike na orodha ya maonyesho. Aangalie nani anaajiriwa mwaka huu.

Wala hili si jambo geni kwetu. Tukumbuke Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa tamthilia ya Kinjeketile, inayohusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na mpaka leo hakuna msomi wa fasihi ya Kiswahili asiyeijua. Baadaye Penina Muhando akatoa Hatia mwaka 1972, na nyingine zikafuata. Vipaji walikuwa navyo, hatubishi. Lakini kulikuwa pia na idara ya sanaa za maonyesho, kulikuwa na mishahara ya walimu, kulikuwa na ukumbi na wanafunzi wa kuigiza. Wote wawili walifundisha hapo hapo chuoni. Mwaka 1968, Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kudai kwamba idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Waliweza kuusukuma waraka huo kwa sababu walikuwa ndani ya nyumba. Angeandika mpita njia, ungeishia kwenye pipa la taka.

Tukiwa na mifano hiyo, tuipitie miji yetu mmoja mmoja.

Louisville kuna Jumba la Sanaa la Speed, lililofunguliwa mwaka 1927 na Hattie Bishop Speed kwa kumbukumbu ya marehemu mumewe. Limepakana kabisa na kampasi ya Chuo Kikuu cha Louisville, ingawa linajitegemea. Mwezi Aprili 2021 jumba hilo lilifungua maonyesho ya kumkumbuka Breonna Taylor, binti wa miaka 26 aliyeuawa na polisi nyumbani kwake mjini humo tarehe 13 Machi 2020. Picha iliyobeba maonyesho yale ilichorwa na Amy Sherald: binti amesimama amevaa gauni la buluu, anamtazama mtazamaji machoni.

Sisi tunayahesabu maonyesho yale kuwa miongoni mwa mambo bora yaliyowahi kufanywa na jumba la sanaa katika miji yetu, na sababu zake ziko nyuma ya pazia. Jumba lilimwita Allison Glenn kutoka nje aje kuyasimamia. Ndani yake alikuwepo Toya Northington, mfanyakazi aliyekuwa na jukumu la uhusiano na jamii, akaongoza kamati ya watu wa mji wenyewe. Mama wa marehemu, Tamika Palmer, aliulizwa anataka nini, na maneno matatu yaliyopanga vyumba, yaani ahadi, ushuhuda na ukumbusho, yalitokana na mazungumzo hayo. Kiingilio kilikuwa bure. Baadaye picha ilinunuliwa kwa pamoja na Speed na jumba la taifa la historia ya Wamarekani Weusi lililoko Washington, na fedha zake Sherald akazielekeza kwenye ufadhili wa masomo katika Chuo Kikuu cha Louisville.

Tazameni mlolongo huo. Kwanza watu wanaofaa waliwekwa kazini, ndipo maonyesho yakawa ya kweli. Lau kazi ile ingeachiwa watu wasiojua jinsi mji ulivyoumia, tungeletewa picha nzuri ukutani na maelezo baridi chini yake.

Columbus nako kuna mali nyingi. Chuo Kikuu cha Ohio State kina wanafunzi zaidi ya 60,000, na Kiswahili kinafundishwa hapo. Kituo cha Sanaa cha Wexner, kilichofunguliwa mwaka 1989, ni jengo la Peter Eisenman akishirikiana na Richard Trott, lenye vyuma vyeupe vinavyofanana na jukwaa la mafundi ambao hawajamaliza ujenzi. Tunakiri kwamba jengo hilo halimkaribishi mgeni kwa urahisi. Mtu hutafuta mlango kwanza. Ndani, hata hivyo, kuna sinema, ukumbi na vyumba vya maonyesho vya hali ya juu. Nako pia habari kubwa ya miaka ya karibuni ilihusu wafanyakazi: mwaka 2022 walijitokeza hadharani kudai chama chao. Walikuwa wanasema kwa maneno yao lile tunalolisema sisi, kwamba sanaa haijiendeshi yenyewe.

Katika kampasi hiyo hiyo kuna Maktaba na Makumbusho ya Katuni ya Billy Ireland, yenye hazina ya katuni inayotajwa kuwa kubwa kuliko zote duniani, na kuingia ni bure. Mtu wa Afrika Mashariki akifika pale hawezi kukosa kuwakumbuka Chakubanga wa Christian Gregory, Kingo wa James Gayo, na Gado aliyewachora wakubwa wetu mpaka wakakosa usingizi. Lakini nani atamweleza mhifadhi kwamba Chakubanga alikuwa gumzo la wasomaji wa gazeti la Uhuru? Nani atamwonyesha kwa nini kichekesho fulani cha Kingo hakihitaji neno hata moja? Hilo litafanywa na mtu aliyekua akizisoma katuni hizo, na mtu huyo asipokuwa na meza na mshahara mle ndani, ataishia kuwa mgeni anayepiga picha na kuondoka.

Buffalo tatizo linaanza na njia. Chuo Kikuu cha Buffalo kilifungua Kituo chake cha Sanaa mwaka 1994 katika kampasi ya kaskazini, kule Amherst, nje ya mji. Treni ya Buffalo inaishia kwenye kampasi ya kusini. Mpango wa kuifikisha Amherst umejadiliwa miaka na miaka, na treni haijafika. Familia ya Kikongo au ya Kirundi inayoishi upande wa magharibi wa mji, isiyo na gari, ikitaka kuona mchezo usiku wa Februari, theluji ikiwa magotini, inahitaji moyo wa simba. Buffalo State iko karibu zaidi na mitaa hiyo, na katika kampasi yake kuna Jumba la Burchfield Penney lililohamia kwenye jengo lake jipya mwaka 2008, likitazamana na jumba kubwa la AKG. Jumba hilo limejipa kazi ya kuonyesha sanaa ya magharibi ya New York. Tunauliza kwa heshima: mtoto aliyezaliwa Uvira, akasoma shule ya msingi Nyarugusu na sekondari Buffalo, akichora, si msanii wa magharibi ya New York?

Mji huo huo unatupa somo la kutia aibu kidogo. Mwaka 1978 Lorna C. Hill alianzisha Buffalo kundi la michezo ya kuigiza, akaliita Ujima. Neno ni letu, limefika kwao kupitia Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa mwaka 1966 na Maulana Karenga. Mama Hill alifariki mwaka 2020, na kwa miaka zaidi ya 40 alikuwa akifanya kile neno linachosema: kazi ya pamoja. Wamarekani Weusi walilichukua neno la Kiswahili wakalijengea jukwaa wakati ambapo wengi wetu hatujazaliwa. Sisi wenye lugha tumejenga jukwaa gani?

Hapa ndipo tunapofika kwenye lawama yetu kwa vyuo. Kuna chuo kimoja, hatukitaji, kilichotuandikia tuwapatie mpiga ngoma, wapishi wawili, na mtu wa kufasiri, kwa ajili ya jioni moja ya Afrika. Tulipouliza malipo tukajibiwa kwamba hiyo ni nafasi nzuri ya kujitangaza. Mwezi huo huo chuo kilikuwa kimetangaza nafasi ya kudumu ya mratibu wa shughuli za utamaduni, yenye mshahara na bima ya afya, na hakuna aliyefikiri kututumia tangazo hilo. Ngoma ilijulikana mahali pa kutumwa, kazi haikujulikana.

Matokeo yake yanaonekana jukwaani. Jioni za namna hiyo huichanganya Afrika yote kwenye sinia moja: kitenge kutoka huku, ngoma kutoka kule, sambusa mezani, na mtangazaji anayesema «Kiafrika» kama vile ni lugha. Hakuna taarab, hakuna utenzi, hakuna ngonjera, hakuna tamthilia, hakuna kwaya zenye sauti nne zilizolelewa kambini. Si kwamba waandaaji ni wabaya. Hawajui, na hakuna aliyekaa mezani pamoja nao wa kuwaambia.

Lakini lawama haiwezi kuishia kwao. Sisi pia tunaogopa ukurasa wa kazi bila kuusoma vizuri. Tangazo linapodai shahada, tunafunga. Matangazo mengi ya vyuo vya hapa huongeza kwamba wanakubali pia mchanganyiko wa elimu na uzoefu unaolingana na shahada hiyo, na mstari huo tunaupita. Mama aliyeongoza kwaya ya watu 30 Nyarugusu au Kakuma, akapanga mazoezi, akatafuta sare, akasuluhisha ugomvi wa waimbaji na kuomba kibali cha usafiri, amefanya usimamizi wa sanaa, tena katika mazingira magumu kuliko ukumbi wowote wa Amherst. Kinachokosekana ni mtu wa kumsaidia kuyaandika hayo kwenye wasifu kwa lugha ambayo ofisi ya ajira inaielewa.

Kuna wazee watakaotuambia: acheni ndoto, watoto wasomee uuguzi, sanaa hailipi. Tunawaheshimu, na bili za nyumba tunazijua. Lakini kazi tunazozizungumzia hazimtaki mtu awe mchoraji mwenye njaa. Ni kazi za dirisha la tiketi, za mitambo ya taa, za uhasibu, za kupokea wanafunzi wa shule wanaotembelea maonyesho. Tena vyuo vingi vya Marekani huwapa wafanyakazi wa kudumu, na mara nyingi watoto wao, nafuu ya karo. Baba anayefagia ukumbi kupitia kampuni ya nje, na baba anayefagia ukumbi huo huo akiwa ameajiriwa na chuo chenyewe, wanaweza kushika ufagio wa aina moja huku watoto wao wakiwa na maisha tofauti. Jambo hili pekee lingetosha kutufanya tuusome ukurasa wa kazi.

Wengine watasema Mswahili mmoja ofisini atageuzwa pambo, awekwe kwenye picha ya kijitabu basi. Hofu hiyo ina msingi. Dawa yake ni kutomwacha peke yake: tuhudhurie anayoyapanga, tuwaandikie wakubwa wake yakiwa mazuri, na tuseme pia yakiwa mabaya. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi tunaomba mambo matatu. Jumuiya ya kila mji imteue kijana mmoja wa kusoma kurasa za ajira za vyuo kila wiki na kuzitafsiri kanisani, msikitini na kwenye mikutano yetu. Wasomi wetu wajitolee kusaidia kuandika maombi, hasa kwa wale wenye uzoefu wa kambini na vyeti vilivyopotea vitani. Na chuo kitakachotuomba ngoma, tukijibu kwa adabu: ngoma ipo, ada yake ni hii, na tunaomba pia mtutumie orodha ya nafasi zenu za kazi.

Tukifanya hivyo kwa miaka michache, tutaweza kuufungua ukurasa wa maonyesho bila unyonge, kwa kuwa baadhi ya waliouandika watakuwa watoto wetu.

Tunawatakia muhula mwema.