Juma wa Pili Ndiye Yupi?

Mtaani kukiwa na akina Juma wawili, ni nadra kusikia mmoja wao akiitwa Juma wa Pili. Atakuwa Juma wa Mzee Salum, au Juma fundi baiskeli. Tunawatofautisha kwa asili au kwa kazi, kwa kuwa namba haimsaidii mgeni anayeulizia nyumba.

Emacs, kihariri matini ambacho toleo lake la GNU lilianza kusambazwa mwaka 1985, kwa muda mrefu kilipenda namba. Kila faili unayofungua humo huingia kwenye bafa, yaani nafasi ya kufanyia kazi katika kumbukumbu ya kompyuta, na kila bafa ina jina. Ukifungua faili mbili zenye jina main.py, ya kwanza ilibaki main.py, ya pili ikawa main.py<2>. Hiyo 2 ilieleza foleni tu. Kesho yake ukianza na ile nyingine, majina yalibadilishana.

Si jambo dogo. Python yenyewe huzaa majina pacha: kila kifurushi cha kawaida kina faili iitwayo __init__.py. Katika tasnifu yangu nina chora.py mbili, moja kwenye folda ya majaribio, nyingine kwenye folda ya matokeo. Badiliko la kujaribu tu likitua kwenye bafa ya matokeo, programu itakwenda bila kulalamika, na mchoro wa sura ya nne utasema uongo mbele ya wasahihishaji.

Toleo la 24.4, la mwaka 2014, liliacha namba na kushika nasaba. Sasa, bila mtumiaji kugusa mipangilio, bafa zangu huitwa chora.py<majaribio> na chora.py<matokeo>. Folda nazo zikifanana, Emacs hupanda ngazi moja juu, kama tunavyotaja babu pale majina ya baba yanapogongana. Ninachokipenda zaidi ni kwamba faili ya kwanza nayo hubadilishwa jina ya pili inapoingia; hakuna mwenye haki ya jina tupu kwa sababu tu aliwahi. Pacha mmoja akifungwa, anayebaki hurudishiwa jina fupi.

Hata hivyo, nasaba ina mipaka yake. Inaeleza faili imetoka wapi. Haielezi mimi naifanyia nini leo. Kwa hilo kuna amri ya rename-buffer, inayobadilisha jina la bafa huku jina la faili kwenye diski likibaki vilevile. Naweza kuandika «michoro-sura-ya-nne», nikafanya kazi mchana kutwa chini ya jina hilo. Nikifunga bafa, jina linakwenda nalo.

Wapo wanaoona huo ni usumbufu: kwa nini utunge jina lisilodumu? Nadhani hapo ndipo penye faida. Mashine inaweza kusoma njia ya folda, lakini haijui kwa nini nimefungua faili hiyo. Ili kuipa jina la kazi, lazima kwanza nijijibu nafanya nini. Nikikosa jina, mara nyingi ni dalili kwamba bado sijajua ninachotafuta humo, na ni heri nilijue hilo kabla sijagusa mstari wowote.